Shati la Mume Wangu Kwenye Kabati Nililolipwa Kulipanga

Nililikuta shati la mume wangu likining'inia kwenye kabati la mwanamke mwingine.

Na mimi ndiye niliyeitwa, kwa malipo, kulipanga hilo kabati.

Naomba usicheke kwanza. Kaa nikusimulie taratibu, maana hata mimi siku ile nilitafuta pa kucheka nikakosa.

Kazi yangu ni kupanga makabati. Watu huniuliza, "Hiyo nayo ni kazi?" Ni kazi. Kuna wanawake wana magauni mia na hamsini na kila asubuhi wanalia hawana cha kuvaa. Wananipigia simu. Naenda, namwaga kila kitu kitandani, tunachambua moja moja. Inakutosha? Mara ya mwisho umeivaa lini? Zinazobaki zinarudi ndani kwa mpangilio, zinazotoka nazifunga kwenye mifuko. Jioni mtu anafungua kabati lake mwenyewe kama mgeni.

Wateja wananiita Mama Nafasi. Wengi jina langu hawalijui, na mimi nimeshazoea.

Nyumbani kwangu ndiyo usiseme. Mimi nilikulia kwenye chumba kimoja, watu saba, nguo zimetundikwa kwenye misumari ukutani mpaka ukilala unahisi kuna mtu amesimama anakuangalia. Niliapa kwamba nikipata kwangu, rundo sitaki kuliona.

Mume wangu ni fundi wa majokofu kwenye hospitali kubwa. Jokofu la damu, la chanjo, la dawa, yote yakigoma anaitwa yeye. Mrefu, mabega mapana, mpole, anaongea kama maneno anayanunua. Kila baada ya miezi michache nilikuwa napitia upande wake wa kabati, natoa nguo zilizochakaa, nafunga mfuko, namkabidhi.

"Baba, pitisha hizi pale kituo cha wahitaji."

"Sawa, mama."

Miaka yote hiyo hajawahi kubisha. Nikawa najisifu kwa watu kwamba nimepata mume mwelewa.

Sasa, siku moja nikapigiwa simu na sauti laini. Dada mmoja, kapata namba yangu mtandaoni, kabati limemshinda. Tukakubaliana Jumanne asubuhi.

Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani. Ukafunguliwa na mwanamke wa kama miaka thelathini na tano hivi. Alikuwa mzuri, sitaki kudanganya. Mzuri wa kukufanya urekebishe kitambaa chako kichwani kabla hujamsalimia.

"Karibu dada. Usishtuke utakachokiona."

"Nimeshaona mengi mimi. Kabati liko wapi?"

Lilikuwa la milango mitatu, limejaa mpaka mlango wa kati haufungi. Akasimama kando, mikono kifuani, akacheka kwa aibu.

"Mwisho wa mwezi kuna mwanaume anahamia hapa. Tunaoana. Nataka akute nusu ya kabati iko wazi. Sitaki aje akose hata pa kuweka soksi."

"Hongera sana," nikamwambia. Nikampa na mkono.

Tukaanza. Magauni, sketi, makoti meupe ya kazini. Alikuwa mwepesi kuachia vitu, mteja wa aina ninayoipenda. Saa moja na nusu tukawa tumemaliza milango miwili.

Nikaushika mlango wa tatu.

"Hapo tusichambue," akasema. "Ni vya mtu. Vibane tu vikae sehemu moja ndogo. Ngoja nikaweke chai."

Akaenda jikoni. Nikafungua.

Nguo za kiume. Mashati saba au manane, suruali, sweta, jezi kuukuu ya mpira. Zote zimepigwa pasi, zimetundikwa kwa utaratibu. Nikaanza kuzisogeza, henga kwa henga, mkono ukifanya kazi yake bila mimi kuwaza.

Ndipo nikaliona shati la bluu.

Kitufe chake cha pili kutoka juu kilishonwa kwa uzi mwekundu.

Uzi ule niliupitisha mimi. Asubuhi moja mume wangu kachelewa kazini, kitufe kimeng'oka, uzi wa bluu sina. Nikamshonea kwa mwekundu. Akaniuliza, "Watu si watacheka?" Nikamjibu, "Nani atakuchungulia kifuani?"

Basi siku ile nikamjua anayemchungulia.

Nikalivuta sweta. Kiraka cha kiwiko nilikishona mimi. Suruali ya kahawia, pindo la mguuni mkono wangu. Jezi nayo naijua, maana niliwahi kuifunga kwenye mfuko na kumwambia apeleke kwa wahitaji.

Zote hizo nilizifunga mimi na kumpa apeleke.

Kumbe alikuwa anazipeleka. Anazileta hapa, apate za kubadilisha akija.

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, halafu nikainuka haraka, maana nilikumbuka kile ni kitanda cha nani. Nikainusa kola ya lile shati. Ilikuwa na harufu ya sabuni ambayo si yangu.

Dada wa watu akarudi na vikombe viwili.

"Umechoka, dada?"

"Kidogo." Nikajikaza. "Unafanya kazi wapi vile?"

"Mimi mfamasia. Pale hospitali kubwa."

Wivu una sehemu yake unapokaa mwilini, wala usidanganywe kwamba ni moyoni. Mimi ulinikaa kooni. Ile chai haikupita.

"Na hizi nguo, za mtu wako wa karibu?"

Akatabasamu, macho yake yakalainika. Tabasamu lile lilinichoma kuliko shati.

"Ni za mtu mwema sana. Amekuwa akizileta kidogo kidogo, miaka sasa."

Miaka.

Kabati lile nilikuwa na uwezo wa kulimaliza ndani ya dakika arobaini. Nikafunga mkoba wangu.

"Hili la milango mitatu halimalizwi siku moja. Nitarudi Alhamisi."

Jioni mume wangu karudi, kavua viatu mlangoni kama kawaida, kambeba binti yetu wa miaka mitano, kamzungusha. Nikawa namtazama nikimlinganisha na mtu mwingine aliyekaa ndani yake. Mikono ileile, na kumbe ina kwake kwingine.

"Baba, lile shati lako la bluu liko wapi?"

Akamshusha mtoto.

"Lipi?"

"La kitufe cha uzi mwekundu."

"Si ulilitoa?"

"Ukalipeleka wapi?"

"Kule kule tunakopeleka," akasema, akaingia bafuni.

Miaka kumi na moja ya ndoa, na ile ndiyo mara ya kwanza nilimshika anadanganya huku namwona kabisa. Nilitenga chakula mezani nikamwambia binti yetu ale. Mimi sikula.

Jumatano nikaenda kwa msusi wangu. Nywele zilikuwa hazihitaji kusukwa, ila roho ilihitaji mtu. Yule mwanamke mdomo wake hauna kufuli lakini akikushauri anakushauri. Nikamweleza kila kitu. Mikono ikasimama kichwani kwangu.

"Shoga," akasema polepole, "mimi nilikuwa nimeapa nisikwambie."

"Nini?"

"Shemeji wiki iliyopita alikuja kwa jirani yangu kuulizia chumba cha kupanga. Akasema hata kidogo kinamtosha, ilimradi kina kufuli. Na akataka kuingia kabla ya mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," msusi akasema. "Wewe chako kimetoka na nguo zenyewe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa napiga hesabu za yule mwanamke. Kiuno chake. Kucha zake. Kazi yake ya kuvaa koti jeupe na kuitwa daktari na watu wasiojua tofauti. Mimi nashinda nimeinama kwenye soksi za wenzangu. Angenichagua mimi kwa lipi? Nilimchukia, halafu nikajichukia kwa kumuona mzuri.

Sikupanga kupiga kelele. Mimi ni mtu wa mpangilio, na hata hasira yangu nikaipanga.

Alhamisi, mume wangu alipotoka kwenda kazini na mtoto shule, nikafungua upande wake wa kabati. Nikatoa kila kitu. Mashati, suruali, shati la harusi, soksi, mikanda. Hata nguo za ndani. Nikazifunga kwenye mifuko minne mikubwa, nikaita gari, nikaenda ghorofa ya tatu.

Mfamasia akanifungulia akiwa na simu sikioni. Akaniashiria niingie, akaendelea kuongea huko sebuleni.

Nikaingia chumbani nikaanza kazi.

Nakwambia sijawahi kupanga kabati vizuri kama siku ile. Mashati kwa rangi, kuanzia jeupe mpaka jeusi. Suruali zimekunjwa sawa. Mikanda nimeizungusha kama konokono kwenye droo. Nusu nzima ya kabati, nguo za mume wangu. Shati la bluu nikaliweka mbele kabisa.

Nikasikia mlango wa nje. Sauti ya kiume. Nikasimama wima, nimejiandaa kumwona mume wangu anaingia.

Akaingia mtu mfupi, mnene kidogo, miwani usoni, mkononi kashika tepu ya kupimia. Mfamasia nyuma yake anacheka.

"Dada, huyu ndiye mwenyewe," akasema. "Anayehamia. Ni mpima ardhi, basi kila kitu lazima akipime. Sasa anataka kupima kitanda."

Akili ikagoma. Nilichowaza, Mungu anisamehe, ni kwamba kumbe anao wawili.

Mpima ardhi akanisalimia kwa adabu, akageukia kabati, akaanza kusema, "Mmefanya kazi nzu..."

Hakumaliza. Akavuta shati moja, akaliweka kifuani mwake. Lilimfika karibu na magoti.

"Hizi ni za nani?"

Mfamasia akasogea. "Zile chache ni za... lakini hizi nyingine mimi sizijui. Dada, mbona zimeongezeka?"

"Ni za mume wangu," nikasema. "Za zamani alizileta mwenyewe, kidogo kidogo, miaka sasa. Hizi zilizobaki nimezileta mimi, ili asihangaike."

Jirani alikuwa anasugua viatu kwa brashi dirishani, tukawa tunasikia kila msuguo.

"Mume wako ni nani?" mfamasia akauliza.

"Fundi wa majokofu."

Rangi ikamtoka usoni. Akaketi kitandani.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Wewe ndiye mama wa nyumbani kwa fundi."

"Ndiyo mimi. Ulifikiri hana?"

Mpima ardhi akairudisha ile tepu ndani ya mfuko wake taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuuliza mara mbili kama kuna mtu," akamwambia mchumba wake. "Mara mbili. Ukaniapia."

"Hakuna mtu. Ngoja nikueleze."

"Kabati ndilo limenieleza."

Akatoka. Mfamasia akamfuata mpaka mlangoni, akamwita, hakurudi. Na mimi, nisikufiche, nilisikia raha. Raha fupi, kama ya kukuna kidonda. Nikasema moyoni, na wewe onja.

Aliporudi chumbani alikuwa analia, lakini hakunitukana. Akapiga magoti mbele ya kabati, akafungua droo ya chini kabisa ya mlango wa tatu, ile ambayo Jumanne sikuifikia. Akatoa kifurushi cha karatasi nyeupe.

"Nilimwahidi sitamwonyesha mtu," akasema. "Lakini hiki ni chako kuliko changu. Fungua, halafu ndiyo unitukane."

Nikafungua.

Sweta la njano la mtoto mchanga. Kofia yake. Soksi moja.

Kuna jambo sijakwambia.

Kabla ya binti yetu tulikuwa na mtoto wa kiume. Aliishi miezi saba. Homa ikampanda asubuhi ya Jumatatu, na Jumatano tukarudi kutoka hospitali tukiwa wawili. Wiki ya tatu baada ya msiba, niliamka nikafungua kabati, nikatoa kila kilichokuwa chake. Kila kitu, mpaka shuka. Nikafunga mifuko. Nilikuwa siwezi kupumua mle ndani. Nikamwita mume wangu nikamwambia, "Peleka."

Akasema, "Sawa, mama."

Na jina la yule mtoto halikutajwa tena nyumbani kwetu. Mimi ndiye niliyelikataza.

Nilishika lile sweta. Nilikuwa nalikumbuka kubwa. Lilikuwa dogo, linaenea kwenye viganja vyangu viwili.

"Nilimkuta nyuma ya stoo ya dawa," mfamasia akasema. "Jokofu la chanjo lilikuwa limezima, tukamtafuta kila mahali. Alikuwa amekaa chini na mfuko mapajani. Nikamuuliza, fundi, una nini? Akaniambia, nimetumwa nikatupe nguo za mwanangu, na miguu imekataa."

"Sikusema kutupa. Nilisema apeleke kwa wahitaji."

"Yeye alisikia kutupa."

Nikaichukua ile soksi moja.

"Mfuko aliupeleka kama ulivyomwagiza. Alitoa vitatu tu, hivyo. Nikamwambia nipe nikuwekee. Baadaye akaleta jezi, kwa kuwa aliivaa siku mtoto anazaliwa. Shati la bluu, kwa sababu ulilishona huku mnacheka. Hiyo suruali ya kahawia ni ya baba yake, ulimkatia pindo, unakumbuka? Kila kimoja ana habari yake. Aliniambia, mke wangu hapendi vitu vya zamani, vinamuumiza. Hakuniambia kwamba ndiyo kazi yako."

"Na chumba anachotafuta kupanga?"

"Nilimwambia naolewa, aje aondoe vitu vyake kabla ya mwisho wa mwezi. Alikosa pa kuvipeleka."

Alikosa pa kuvipeleka. Mume wangu, mwenye nyumba, mwenye kabati la milango minne.

Sasa wewe utafikiri wivu uliniisha pale. Haukuisha, uliongezeka. Angekuwa amelala naye ningejua nimchukie vipi, maana hiyo ina njia zake na mashoga wa kunishauri. Lakini huyu mwanamke alimwona mume wangu akilia, na mimi sijawahi. Alijua habari ya kila nguo. Sweta la mwanangu alikuwa amelikunja mara tatu, karatasi katikati ili lisifanye mstari, mikono imelazwa ndani. Mimi ninayelipwa kwa kukunja nguo, nisingelikunja vizuri vile.

Miaka saba mwanangu alikuwa na mahali pa kukaa, na hapakuwa kwangu.

Nikazirudisha zote kwenye mifuko, za zamani na za sasa. Mfamasia alinisaidia kushusha ngazi. Mimi sikumwomba msamaha. Msamaha ulikuwepo ila ulikwama palepale kooni.

Mume wangu alirudi saa kumi na moja. Kile kifurushi nilikuwa nimekiweka mezani, kimefunguliwa.

Alikiona. Hakuvua viatu.

"Nani kakupa?"

"Nilienda kupanga kabati. Sikujua ni la nani."

Akavuta kiti, akakaa, mikono yake mikubwa juu ya meza, kando ya ile soksi.

"Utavitoa tena?" akauliza.

Aliuliza kwa upole uleule wa siku zote, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha. Ndipo nilipoelewa kwamba kila "sawa, mama" ya miaka ile ilikuwa inamgharimu.

"Kwa nini yeye?" nikamuuliza. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekwambiaje? Ulisema jina lake lisitajwe."

"Nilikuwa nakufa, baba."

"Najua. Nilikuwa nakuona. Ndiyo maana nilinyamaza." Akaigusa soksi kwa kidole kimoja. "Ila na mimi nilikuwa baba yake."

Nikalia. Akalia na yeye. Mara ya kwanza kumwona, na alilia vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Binti yetu akatoka chumbani akatukuta hivyo. Akatutazama, akapanda mapajani kwa baba yake, akaliona sweta.

"Hili la nani?"

Mume wangu akaniangalia. Akasubiri. Nikamwitikia kwa kichwa.

"La kaka yako," akamwambia.

Akamtaja jina lake. Mtoto akalirudia, mara mbili, kulijaribu mdomoni.

Kesho yake asubuhi nikaenda ofisini kwa mpima ardhi. Nilikuta ramani zimefunika meza, na yeye nyuma yake, hajanyoa. Nikamweleza yote bila kujisafisha. Kwamba nguo nyingi nilizipeleka mimi, kwa makusudi, kwa wivu.

"Ungekuwa mimi ungeamini?" akaniuliza.

"Nilipokuwa wewe, sikuamini," nikamjibu. "Jana tu. Na unaona nilichofanya."

Akakunja ramani moja, akaiweka kando. Halafu akaniuliza swali ambalo lilinionyesha kwamba tumefanana.

"Na kwa nini hakuniambia mimi kuhusu hizo nguo?"

"Siri haikuwa yake."

"Najua. Lakini inauma."

"Inauma," nikakubali.

Harusi yao ilisogezwa mbele miezi miwili. Walioana. Tulialikwa, tukaenda wote watatu. Mfamasia alinisalimia vizuri, akamkumbatia binti yangu. Makabati yake hakuniita tena. Nilipomtumia ujumbe kumwambia nitamfanyia bure, alinijibu kwa maneno mawili: "Nimeshapanga."

Ukumbini mume wangu alimpa mkono bibi harusi, akamwambia kitu nisichokisikia, wote wawili wakainamisha vichwa kidogo. Nikahisi kile kitu kooni. Sitakudanganya, bado kipo. Sidhani kuna mwanamke nitakayemwonea wivu kama yule, na wala hajanichukulia kitu.

Kazi yangu naendelea nayo. Lakini siku hizi kwenye nyumba ya watu, nikikuta nguo ya mwenzi ambaye hayupo, siigusi. Mke akiniambia, "Hiyo takataka ya mume wangu itoe," namwambia tumsubiri arudi.

Na nikisubiri huwa nawaambia hivi: chako kitoe unavyotaka. Cha mwenzako, hata kiwe kimechanika, hata kiwe kinanuka, kwanza muulize kina habari gani, halafu nyamaza mpaka amalize. Usipomsikiliza wewe, hakitaacha kuwa na habari yake. Atamtafuta mtu mwingine wa kumsimulia, na hapo utakachokionea wivu hakitakuwa penzi, kitakuwa ni nafasi uliyomnyima wewe mwenyewe.